Meza ya Dirishani

Kwenye korido ndefu ya Taasisi ya Mbegu kulikuwa na ukuta wa picha, na ukuta huo ulikuwa na sheria yake. Msomi aliyenukuliwa sana na wenzake alitundikwa juu, aliyenukuliwa kidogo alishushwa chini, na asiyenukuliwa kabisa alitafutiwa mahali ambapo hatawaudhi wageni. Profesa alikuwa juu karibu na dari, hata kumwona vizuri ilibidi uinue shingo na kuacha mdomo wazi kama mtu aliyekwenda kung'oa jino. Picha ya Bi Rudia ilikuwa pembeni ya swichi ya taa. Kila jioni mlinzi alipopapasa ukuta ili azime taa, alimgusa bega kwanza.

Jina la Bi Rudia hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kurudia. Mtu akiandika kwamba mtama fulani unastahimili ukame, Bi Rudia aliupanda mtama ule tena aone kama kweli unastahimili. Mara nyingi ulistahimili. Mara nyingine ulikauka, naye akaandika kwamba umekauka, na majarida yakamrudishia maandishi yake kwa adabu zote: kazi nzuri, ila hakuna jipya. Wasomi ni watu wa ajabu, jamani. Ukiwaambia neno hawakuulizi umelionaje. Wanakuuliza nani kasema. Na huyo aliyesema hupimwa kwa wingi wa waliomtaja, nao walimtaja kwa sababu wengine walikwisha kumtaja, na ukiufuata uzi huo mpaka mwisho wake unaweza kukuta mtu mmoja tu, siku moja, na trei chache za maharage.

Trei hizo ndizo zilizomfanya Profesa awe Profesa. Ujanani mwake alichuma majani ya kichaka kinachowasha, kile ambacho watu wenye akili zao hukipitia mbali, akayachemsha, akaloweka maharage katika maji yake, akapanda. Maharage yale yakaota mapema na kurefuka kuliko yale yaliyolowekwa katika maji matupu. Habari ikaenea. Vitabu vya shule vikayaita Maji ya Profesa, na hakuna mtoto aliyefaulu mtihani wa kilimo bila kuyataja. Wanafunzi wake walirudia jaribio, wakapata vilevile, wote ndani ya nyumba ileile ya vioo ambamo taasisi huotesha miche yake. Wa vyuo vya mbali waliopata tofauti walidhani wamekosea kuchemsha, wakanyamaza.

Hata nyumbani kwa Bi Rudia Profesa alikuwa na mfuasi, naye ni mama mkwe wake. Mumewe Bi Rudia alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kwenda mji huu na kurudi kutoka mji ule, kwa hiyo nyumba iliendeshwa na hao wanawake wawili, na kishamba cha nyuma kiliendeshwa na mmoja wao tu. Kila msimu mama mkwe alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaenda kichakani, akarudi na gunia la majani na mikono iliyovimba mpaka viwikoni. "Elimu haiji bila kuwasha," alisema, akijikuna. Na alikuwa na neno jingine, ambalo majirani walikuwa wamelichoka: mkamwana wake atakuwa profesa. Gauni la siku hiyo alikuwa amekwisha kulishonesha. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, limefunikwa shuka, na kila Jumapili alilitoa akalipiga pasi upya.

Sasa, Mkuu wa Idara alikuwa mtu laini, mwenye tabia ya kuipapasa tai yake anapokutaka jambo. Siku moja aliingia ofisini kwa Bi Rudia huku anaipapasa.

"Dokta, jengo jipya litapewa jina la Mzee. Wageni watatoka vyuo vya kila upande. Tunataka mchoro mpya, wa rangi, wa kuwaonyesha. Hebu rudia lile jaribio lake."

"Nikirudia nisipate?"

"Nani hajapata?" Mkuu akacheka. "Halafu lile ombi lako la uprofesa liko mezani kwangu. Limekamilika. Linangoja barua ya Mzee tu. Si unanielewa?"

Alimwelewa sana. Alikwisha kuomba na kurudishwa, akaomba tena na kurudishwa, na kanuni za taasisi hazikumruhusu mtu kuomba zaidi ya hapo. Likirudi hili, basi. Angezeeka akiwa Bi Rudia wa swichi ya taa.

Nyumba ya vioo ilikuwa na meza mbili ndefu. Moja ilikaa kwenye dirisha la mashariki, na jua la asubuhi lilianzia hapo. Nyingine iliegemea ukuta wa stoo, na jua lilifika pale likiwa limechoka. Bi Rudia aliloweka maharage yake, akapanda kwenye vikopo, akavipanga kwenye trei, akaanza kuziweka popote palipokuwa na nafasi. Mtunzaji wa nyumba ile, mwanamume mrefu waliyemwita Twiga, akamzuia.

"Umechanganya, Dokta. Trei za dawa zinakaa dirishani. Za maji matupu zinakaa ukutani."

"Kwani nani kasema?"

"Hajasema mtu. Ndivyo tunavyoweka. Sasa wewe ungemweka Profesa ukutani?"

Bi Rudia akacheka, kwa sababu hata yeye alipokuwa mwanafunzi alizibeba trei hizo mpaka dirishani bila kuambiwa na mtu. Ulikuwa mtindo wa nyumba. Mkubwa akiingia anapishwa kiti kizuri, na trei za mkubwa zikiingia zinapishwa meza nzuri. Kisha kicheko chake kikakatika. Alitazama dirisha. Alitazama ukuta. Akaitua trei iliyokuwa mkononi kwenye sakafu, taratibu.

Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo lililomwuma baadaye kila alipolifikiria. Hakuna aliyeghushi tarakimu hata moja. Watu walikuwa na heshima tu, wote, miaka yote.

Alichana karatasi vipande vipande, akaviandika, akavikunja, akamwomba Twiga kofia yake, akapiga kura. Kila kikopo kilikwenda pale kura yake ilipokituma, kiwe cha dawa au cha maji matupu.

"Kwa hiyo leo Profesa anachezewa bahati nasibu," Twiga alisema, akiitazama kofia yake kwa huruma.

Miche ilipochomoza ikatoka sawa. Bi Rudia akapima, akapima tena, akang'oa, akapanda upya, akapiga kura upya. Sawa. Mara ya mwisho hakupiga kura. Alibadilisha tu meza, maji matupu dirishani, Maji ya Profesa ukutani, akangoja. Maji ya bomba yakashinda. Yakashinda kwa urefu wa kidole kizima, kiasi kilekile kilichokuwa kwenye vitabu vya shule.

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kwanza aliogopa, na aliogopa kweli, kwa sababu aliona ombi lake likirudi mlangoni peke yake kama mbuzi aliyezoea njia. Halafu hofu ikaondoka na hasira ikakaa mahali pake. Aliwakasirikia wote, akajikasirikia na mwenyewe, na jioni alipofika nyumbani akamkuta mama mkwe ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi, hasira ile ikazidi.

"Mama, acha hayo majani. Hayana faida."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mama mkwe akamtazama kwa mapenzi, kama anavyotazamwa mtoto aliyesema neno kubwa kuliko umri wake. "Wewe na Profesa, mkubwa nani?"

Bi Rudia alitundika mkoba wake. Alikwenda kuandaa chakula.

Kesho yake alipanda ngazi kwenda kwa Profesa. Mzee alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyeupe na suti iliyomzidi, na hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Ndiye aliyemfundisha Bi Rudia kuhesabu majani kwa ncha ya sindano ili kidole kisilitie jani joto. Alimkaribisha, akammiminia chai kwa mkono wake, akamsikiliza mpaka mwisho. Barua ya kumpendekeza ilikuwa mbele yake juu ya meza, imechapwa, kalamu iko wazi pembeni.

"Binti yangu," alisema, "hilo dirisha lipo siku zote. Nimekuwa nikiliona. Dawa ni kubwa kuliko dirisha."

"Nimepima, Profesa."

"Nasikia. Lakini usimwage mtama penye kuku wengi. Ngoja nife kwanza, kisha andika utakalo. Na mimi nilimngoja mwalimu wangu."

"Kuna watu wanajikuna, Profesa. Huku sisi tunangojana."

Uso wa mzee ukabadilika. Pengine lilikuwa neno lenyewe, pengine ni kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyemjibu. Akaweka kikombe chini.

"Mche wangu naujua kwa macho. Nimekaa nao kuliko nilivyokaa na watoto wangu. Lete vikopo siku ya sherehe, uvichanganye, ufiche majina. Nitakuchagulia vyangu mbele ya watu wote."

"Nivioteshe popote nitakapo?"

"Popote utakapo. Dawa yangu haihitaji dirisha."

"Nitaleta," alisema Bi Rudia.

Profesa aliifunika kalamu. "Barua yako nitaisaini baada ya sherehe," alisema, na alisema kwa upole.

Habari hazikai ngazini. Kabla ya saa ya chakula Mkuu wa Idara alikuwa amekwisha kufika, tai mkononi.

"Dada yangu, nini lakini? Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Mkunga mwenyewe ndiye kaniita."

"Sema unaumwa. Siku hiyo moja tu. Mtu mzima huugua."

"Sijaugua."

"Unajitilia mchanga kitumbua chako mwenyewe."

"Chenyewe ni changu?" aliuliza Bi Rudia. "Nilidhani mmeniazima."

Mkuu akaondoka, na Bi Rudia akamjua vizuri kiasi cha kutomwamini. Siku ya kuamkia sherehe, mchana kweupe, alivihamisha vikopo vyote alivyokuwa amevioteshea sherehe, akavipeleka kwa toroli mpaka kwake, na kweli asubuhi yake Twiga alimpigia simu kumwambia kwamba nyumba ya vioo ina kufuli jipya na yeye mwenyewe hana ufunguo. Mama mkwe alikuwa ameshinda jioni nzima akiitunza miche ile barazani, akiifukuzia kuku wa jirani, hajui cha ndani.

"Hii mirefu ndiyo ya Profesa," alisema, akiisifu. "Mtu haambiwi."

Bi Rudia aliendelea kuvipanga vikopo kwenye trei. Mama mkwe aliingia chumbani akatoka amevaa gauni lile.

"Si leo, Mama. Leo si siku yangu."

"Nimepata nafasi ya kuingia ukumbini, nikangoje siku ipi tena? Nipe trei nibebe."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walikaa kwa kufuata sheria ileile ya ukuta wa picha: wa karibu na dari mstari wa mbele, wa katikati nyuma yao, na watu wa swichi za taa waliambiwa wasimame. Bi Rudia aliingia kwa mlango wa pembeni na trei mikononi, mama mkwe nyuma yake na trei nyingine, gauni likimetameta. Mkuu wa Idara akainuka kuwawahi, lakini Profesa akanyoosha mkono.

"Waache. Nimewaita mimi."

Alishika kipaza sauti. Alisema mwanafunzi wake wa zamani anadhani uzee umemfanya asiijue mimea yake, na watu wakacheka kicheko cha heshima, kile kinachoisha kwa pamoja. Bi Rudia alivipanga vikopo mezani, virefu kwa vifupi, bila mpango. Chini ya kila kikopo kulikuwa na karatasi iliyobandikwa. Alieleza kwa sentensi chache: maharage ni mamoja, udongo mmoja, nusu imelowekwa kwenye Maji ya Profesa na nusu kwenye maji ya bomba. Profesa na achague yake.

Mzee alivaa miwani. Alitembea kando ya meza bila haraka, akagusa jani hapa, akanusa pale, na lazima isemwe kwamba alipendeza kutazamwa, kwa kuwa aliipenda miche ile. Kisha akaanza kuvivuta upande wake vile virefu, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

"Hivi ndivyo vyangu."

Makofi yakapigwa. Bi Rudia alingoja yatulie.

"Kuna mwenye mawazo tofauti?" aliuliza. "Wageni wetu ni wataalamu. Karibuni mje mchague."

Wakaja. Mmoja alisema haina haja hata ya kupima. Mwingine akasema ule ukijani wa Maji ya Profesa haufichiki, akauonyesha kwa kidole, na waliokuwa karibu naye wakauona papo hapo. Mama mmoja mgeni, mwenye mtandio wa buluu, alisimama mbele ya vikopo vifupi muda mrefu. Mkono wake ulianza kunyooka. Akamtazama Profesa, akawatazama wenzake, mkono ukaishia kurekebisha mtandio. Wote walichagua alichochagua Profesa. Hata mama mkwe, aliyesimama ukutani, alikuwa akitikisa kichwa kukubali, huku kucha zake zikipita juu ya mkono wa gauni, juu na chini.

"Basi Profesa, nakuomba uvigeuze mwenyewe," alisema Bi Rudia.

Mzee akakiinua kikopo cha kwanza, akakipindua kidogo udongo usimwagike, akasoma kwa sauti kabla macho yake hayajamwonya: "Maji ya bomba."

Akacheka. Akachukua cha pili. Maji ya bomba. Cha tatu akakisoma bila sauti. Cha nne alikigeuza haraka, cha tano haraka zaidi, na ukumbi mzima ukasikia vikopo tu vikigonga meza.

"Hivyo virefu vimekulia dirishani," Bi Rudia alisema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Hivi vifupi ndivyo vyako, Profesa. Nimeviweka ukutani. Miaka yote tumekuwa tukikupa wewe meza ya dirishani, kwa heshima. Mimi pia nilikupa. Kilichokuwa kinaotesha maharage ni jua, na jua halina jina la mtu. Heshima si utumwa, na majani yale yanawasha."

Mkuu wa Idara alikuwa amekwisha kukipata kipaza sauti. "Wageni wetu waheshimiwa," alisema, "chai iko tayari."

Nao wakaenda kunywa chai. Wasomi wale, waliovuka nchi na nchi, walimpita Bi Rudia wakiwa wamemwangalia mpaka viatu, wakaenda kushika vikombe. Mmoja alisita akamwuliza kama hayo yamechapishwa popote. Alipoambiwa bado, uso wake ukapata nafuu. Mama wa mtandio wa buluu alirudi nyuma, akajifanya anatafuta mkoba.

"Hata kwetu haikutoka," alinong'ona. "Tulidhani tumechemsha vibaya."

"Mliandika?"

"Nani angetuchapishia?"

"Andikeni," alisema Bi Rudia. "Msinisubiri mimi, na msimsubiri afe."

Baada ya chai kitambaa kilivutwa, jengo likapata jina la Profesa, kwa herufi za chuma. Bi Rudia na mama mkwe hawakuwepo. Walikuwa njiani, trei tupu kwapani. Mama mkwe aliitazama mikono yake mwendo mrefu.

"Miaka yote hiyo najikuna," alisema mwishowe.

"Nisamehe, Mama."

"Wewe ndiye uliyenituma kichakani? Nyamaza." Wakaenda. "Na ile barua?"

"Haitasainiwa."

"Na huwezi kuomba tena."

"Siwezi."

Mama mkwe alilishika gauni lake kwa ncha za vidole, akalitazama, akaliachia. "Basi limeshavaliwa," alisema. "Na limeona kitu."

Ombi lilirudi kama lilivyotarajiwa, na maelezo kwamba kazi za mwombaji ni za marudio. Picha yake ya korido iliondolewa ili ukuta upakwe rangi, rangi ikapakwa, picha haikurudi. Watu aliozoea kula nao walianza kuwa na shughuli saa ya chakula. Bi Rudia aliandika makala yake akaipeleka kwenye jarida, ikarudi. Akaipeleka kwenye jingine. Hakulia, wala hakujuta. Kila asubuhi alipita chini ya zile herufi za chuma akiwa ameinua shingo makusudi, ili mtu asije akadhani anazikwepa.

Ndipo siku moja alipoingia nyumba ya vioo, lile kufuli jipya likiwa limekwisha kuondolewa, akamkuta Profesa. Amevua koti, amekunja mikono ya shati, anabeba trei. Trei yenyewe ilikuwa inamwelemea. Twiga alisimama kando kichwa wazi, kwa sababu kofia yake ilikuwa juu ya ndoo, imejaa karatasi zilizokunjwa.

"Usinisaidie," Profesa alisema. "Hii ni ya pili. Ya kwanza ilitoka sawa."

"Na hii?"

Mzee aliitua trei mezani, akahema. "Nayo itatoka sawa. Naiona." Akapangusa mikono. "Sikiliza. Makala yako wataendelea kukurudishia mpaka uote mvi. Unajua hilo. Tuandike pamoja. Jina langu litangulie, lako lifuate. Itatoka mara moja na dunia nzima itasoma. Na barua yako nitaisaini. Kuhusu kanuni, nitaongea na wakubwa."

Lililomkera Bi Rudia ni kwamba mzee alikuwa anasema kweli. Makala ileile, maneno yaleyale, likitangulia jina lile ingepita milango yote. Aliufikiria uprofesa. Aliifikiria picha ikipanda kutoka pembeni ya swichi mpaka chini ya ile ya mzee, mahali pazuri, penye mwanga, mahali alipopishwa na mkubwa. Na akaona ni meza ileile ya dirishani.

"Andika ya kwako, Profesa," alisema. "Umepima mwenyewe, umebeba mwenyewe. Mimi ya kwangu ninayo. Zikiwa mbili, hakuna atakayesema mmoja alimfuata mwenzake."

"Niandike peke yangu kwamba nilikosea?"

"Ulipopatia ulikuwa peke yako."

Profesa alimtazama sana. Bi Rudia hakuinamisha macho, ingawa alimpenda yule mzee na bado anampenda. Mzee alitoa sindano mfukoni mwa shati, akainama juu ya kikopo, akaanza kuhesabu majani bila kuyagusa kwa kidole, na Bi Rudia akachukua ndoo zake akaendelea na kazi zake.

Kama Profesa aliandika au hakuandika, msimu wa kupanda ulifika kabla haijajulikana. Jirani yao Mama Pacha alikuwa anapita nyuma ya uzio na gunia mgongoni na mifuko ya plastiki mikononi. Bi Rudia alikuwa jikoni, dirisha wazi, akamsikia mama mkwe akimwita.

"Unakwenda wapi na hiyo mifuko?"

"Kichakani. Kwani wewe mwaka huu huendi?"

"Siendi. Yale maji hayaoteshi kitu. Jua tu."

"Weee. Nani kasema?"

Bi Rudia aliacha kuosha kikombe. Alingoja kusikia jina lake likitajwa, mkamwana wangu, dokta, yule aliyetaka kuwa profesa. Alijua Mama Pacha angecheka. Mama mkwe aliusogelea uzio. Kisha akainua mikono yake juu ya uzio, mikono mikavu, myeusi, laini, isiyo na uvimbe hata mmoja.

"Hajasema mtu," alisema. "Panda mistari miwili, mmoja wa majani yako, mmoja wa maji ya bomba, na yote miwili uipe jua lilelile. Halafu njoo wewe uniambie mimi."